Kwa nini hesabu yako inapotea baada ya bidoni ya saba

Swali limetoka kwa msomaji wa Ndosho, hapa Goma. Ninalifupisha:

«Jambo mwalimu. Mama anauza maji kwa bidoni za lita 20, nami ninasomea elektroniki. Nimefunga sensa ya maji aina ya YF-S201 kwenye bomba letu, waya wake nimeuingiza pini ya 5 ya kadi ya Arduino Uno, na Timer1 ya chipu yake inahesabu mapigo ya sensa. Bidoni saba za kwanza zinahesabiwa vizuri. Ya nane ikijaa, kioo kinaonyesha lita 14 badala ya 160. Tena saa niliyoitengeneza kwa millis(), amri ya kuhesabu milisekunde, inachelewa karibu dakika tatu kila siku. Kijitabu cha chipu kinasema kifaa hicho hicho ni taima na pia ni kihesabio. Ni kimoja au ni viwili? Na makosa haya yanatoka wapi?»

Jambo mdogo wangu. Aksanti kwa kuniandikia namba zenyewe. Wengi huniambia tu kwamba kifaa chao «kinachanganyikiwa», na hapo siwezi kuwasaidia. Lakini lita 14 baada ya bidoni ya nane imenionyesha kosa lako kabla hata sijaiona programu yako.

Nianze na swali lako la mwisho, maana majibu ya mengine yote yamo ndani yake. Ni kifaa kimoja. Ndani ya chipu ya ATmega328P iliyo kwenye Uno yako kuna rejista, yaani kisanduku kidogo cha kushikia namba, inayoitwa TCNT1, yenye biti 16. Kazi yake ni moja tu: kila inapopata pigo, inaongeza moja. Haijui sekunde na haijui lita. Mfikirie mtoto aliyekaa mlangoni akiwa na beseni na rundo la kokoto, ambaye ameambiwa atupe kokoto moja ndani ya beseni kila anapoguswa begani. Akiguswa na mtu mwenye saa, kila baada ya sekunde moja, kokoto zilizomo ni muda. Akiguswa na kila mteja anayepita, kokoto hizo hizo ni wateja. Mtoto ni yule yule na beseni ni lile lile, kinachobadilika ni nani anayemgusa.

Kwenye chipu, anayegusa unamchagua wewe kwa biti tatu za rejista ya TCCR1B, yaani CS12, CS11 na CS10. Ukiziweka 001, mapigo yanatoka kwenye saa ya chipu yenyewe, milioni 16 kwa sekunde. Ukiziweka 010, 011, 100 au 101, ni saa hiyo hiyo baada ya kugawanywa kwa 8, 64, 256 au 1024. Ukiziweka 110, mapigo yanatoka nje, kwenye pini ya T1, ambayo kwenye Uno ndiyo pini ya 5, na hesabu inapanda kila volti inaposhuka. Ukiziweka 111, inapanda kila volti inapopanda. Ukiziweka zote sifuri, kila kitu kinasimama. Tofauti yote kati ya taima na kihesabio imekaa hapo, kwenye biti tatu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu hata vijana waliokwisha kumaliza masomo wanadhani kuna «muda» mahali fulani ndani ya chipu. Haumo. Kuna mapigo yanayohesabiwa, basi. Ukisema kwamba mapigo 62,500 ya saa iliyogawanywa kwa 256 ni sekunde moja, hiyo ni ahadi yako wewe, na inakuwa kweli kwa kiasi kile kile ambacho chanzo cha mapigo ni cha kweli. Sensa yako nayo inaahidi kwamba mapigo 450 ni lita moja. Ahadi hizo mbili zinapimwa kwa namna moja na zinaharibika kwa namna moja.

Sasa tuje kwenye lita 14.

Rejista ya biti 16 inaweza kushika namba kuanzia 0 hadi 65,535. Pigo linalofuata linairudisha sifuri, na chipu inasimamisha bendera moja ndogo, TOV1, kukuambia kwamba rejista imefurika. Sensa yako inatoa mapigo yanayofuata kanuni iliyoandikwa na watengenezaji: mapigo kwa sekunde ni mara 7.5 ya lita kwa dakika. Zidisha kwa sekunde 60 za dakika moja, unapata mapigo 450 kwa lita. Bidoni ya lita 20 ni mapigo 9,000. Bidoni saba ni 63,000, bado yanaingia. Bidoni nane ni 72,000. Toa 65,536, inabaki 6,464. Gawanya kwa 450, unapata lita 14 na kidogo. Sensa haikukosea na waya ni mzima. Rejista imejaa katikati ya bidoni ya nane, ikaanza upya, kama ilivyotengenezwa.

Wengi wakifika hapa hukimbilia dawa ambayo ni mbaya zaidi: wanasoma TCNT1 kila sekunde, wanajumlisha, kisha wanairudisha sifuri kwa mkono. Usifanye hivyo. Kati ya amri ya kusoma na amri ya kuandika sifuri kuna muda mfupi sana, lakini pigo linaweza kuingia papo hapo, nalo likafutwa bila mtu kujua. Kwa sensa ya polepole kama yako itatokea mara chache. Kwa mzunguko wa haraka itatokea kila wakati. Na kosa la mara chache ndilo gumu kulikamata: mama atakuja kukuambia jioni kwamba hesabu imepungua, wewe utajaribu mbele yake, na hutaliona.

Iache rejista izunguke peke yake, usiiguse kamwe. Wewe kumbuka tu ulichosoma mara iliyopita, na utoe:

uint16_t sasa = TCNT1;
uint16_t tofauti = sasa - zamani;
zamani = sasa;
jumla += tofauti;

Hapa zamani ni uint16_t na jumla ni uint32_t, na zote mbili lazima zibaki hai kati ya usomaji mmoja na mwingine. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inavuka mafuriko bila kujikwaa. Chukua mfano wako mwenyewe: mwisho wa bidoni ya saba ulisoma 63,000, mwisho wa ya nane ukasoma 6,464. Kwa hesabu ya kawaida, 6,464 kutoa 63,000 ni hasi 56,536. Lakini namba ya biti 16 isiyo na alama ya hasi haijui hasi. Inaongeza 65,536 yenyewe, na jibu linakuwa 9,000. Bidoni moja kamili. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi mpaka uiamini, maana utaitumia maisha yako yote katika kazi hii.

Sharti lake ni moja: usome kabla rejista haijazunguka duara zima tangu usomaji uliopita. Sensa hii hupimia hadi lita 30 kwa dakika, yaani mapigo 225 kwa sekunde, kwa hiyo duara moja linachukua zaidi ya dakika nne na nusu. Ukisoma kila sekunde, uko mbali sana na hatari. Jumla yako ya biti 32 itajaa baada ya lita zaidi ya milioni tisa, yaani bidoni zaidi ya 470,000.

Jumla hiyo iwe namba nzima ya mapigo. Usiiweke kwenye float, aina ya namba yenye desimali, ukaanza kuongeza vipande vya lita. Float ya Uno ina tarakimu za uhakika za biti 24 tu. Ikifika 16,777,216, ukiiongeza moja haisogei tena, inabaki pale pale, na kwa mapigo yako hilo linatokea kabla ya bidoni ya 1,900. Gawanya kwa 450 pale tu unapotaka kuandika kwenye kioo.

Iko njia ya pili, ya kutumia katizo: kila TOV1 inaposimama, programu inaruka kwenda kuongeza moja kwenye namba ya mafuriko, nawe unaunganisha namba hiyo na TCNT1 kupata biti 32. Utaihitaji siku utakapohesabu mapigo ya kasi ambayo hayakusubiri sekunde nzima. Lakini ina mtego, na nimeuona ukiwapotezea watu siku nyingi. Tuseme umezima makatizo ili usome kwa utulivu. Papo hapo rejista inafurika. TCNT1 sasa ni 3, lakini namba ya mafuriko haijaongezwa kwa sababu katizo linangoja mlangoni. Ukiunganisha, umepoteza mapigo 65,536 kwa mkupuo mmoja, na usomaji unaofuata unayarudisha. Grafu yako inaonyesha shimo lisiloelezeka. Kwa hiyo ni lazima uitazame bendera yenyewe:

uint32_t somaMapigo() {
  uint8_t hali = SREG;
  cli();
  uint16_t chini = TCNT1;
  uint16_t juu = mafuriko;
  if ((TIFR1 & _BV(TOV1)) && chini < 32768) juu++;
  SREG = hali;
  return ((uint32_t)juu << 16) | chini;
}

cli() inazima makatizo, SREG inayarudisha kama yalivyokuwa, na TIFR1 ndiyo rejista ya bendera. Mstari wa if unasema: kama bendera imesimama na namba ya chini ni ndogo, basi mafuriko yametokea kabla sijasoma, niyahesabu. Kama bendera imesimama lakini namba ya chini ni kubwa, mafuriko yametokea baada ya kusoma, niyaache.

Kuzima makatizo hapo kuna sababu nyingine pia. Chipu hii ni ya biti 8, haiwezi kubeba biti 16 kwa mara moja. Inaposoma baiti ya chini ya TCNT1, inaificha baiti ya juu kwenye rejista ya muda (yaani ya kushikilia kwa kitambo tu, si ya kupima wakati), ili zote mbili ziwe za wakati mmoja. Mtafsiri wa programu anaupanga mpangilio huo vizuri kwa niaba yako. Lakini rejista ya muda ni moja kwa Timer1 nzima. Katizo likiingia katikati na kusoma rejista nyingine ya biti 16 ya taima hiyo hiyo, baiti yako ya juu inabadilishwa mgongoni kwako.

Jambo moja umelifanya vizuri, pengine bila kujua uzito wake. Umeandika TCCR1A = 0 mwanzoni, nimelijua hilo kwa sababu hesabu yako ilifika 65,535. Arduino inapoamka, huitayarisha Timer1 kwa kazi ya kupunguza mwanga wa taa na kasi ya mota kwenye pini za 9 na 10. Katika hali hiyo rejista inapanda mpaka 255, inageuka, inashuka mpaka sifuri, inapanda tena. Asiyeifuta TCCR1A anaona mapigo yake yakipanda na kushuka ndani ya bidoni moja na kuanza kubadilisha waya na sensa. Ukihesabu kwa Timer1, basi pini za 9 na 10 usizitumie kwa analogWrite, na maktaba ya Servo uiache, maana nayo inaishi humo humo.

Huenda ukajiuliza kwa nini tusitumie tu attachInterrupt, yaani katizo la pini, kwenye pini ya 2 na kuongeza namba kwa kila pigo. Kwa mapigo 225 kwa sekunde, nitakuwa mkweli kwako: ingetosha. Ambacho hakitoshi ni kusoma pini kwa digitalRead ndani ya loop, kwa sababu programu ikienda kuandika kwenye kioo au kutuma ujumbe wa simu, mapigo yanapita bila kuonekana. Kihesabio cha ndani hakimtegemei mtu. Programu inaweza kungoja, inaweza kulala katika hatua ya kwanza ya usingizi wa chipu, mapigo yanaendelea kuingia. Na kina kasi: watengenezaji wanashauri mapigo ya nje yasizidi saa ya chipu ikigawanywa kwa 2.5, yaani kwa Uno zaidi kidogo ya megahezi 6. Kikomo hicho kinatoka kwenye namna pini inavyosomwa. Chipu inaitazama pini kwa mdundo wa saa yake yenyewe, kwa hiyo kilichopanda na kushuka kati ya mitazamo miwili, kwake hakijatokea.

Lakini kasi hiyo ina upande wake mchungu. Pini ya T1 haina kichujio chochote. Waya mrefu kati ya bomba na kadi, ukipita karibu na pampu au waya za umeme, utaingiza vipigo vya uongo, na kihesabio kitavipokea vyote. Sensa nyingi za aina hii hazitoi volti zenyewe, zinavuta chini tu, kwa hiyo weka rezista ya kiloomu 10 kutoka pini ya 5 kwenda volti 5, na kapasita ya nanofaradi 10 kutoka pini kwenda ardhini. Inakupa muda wa mikrosekunde 100: vipigo vifupi vinamezwa, na pigo la kweli, ambalo hata kwa lita 30 kwa dakika linakaa zaidi ya milisekunde 2 kila upande, linapita salama. Siku ukibadilisha na kufunga mita yenye swichi ya sumaku badala ya sensa ya Hall kama hii yako, hapo usiiunganishe na T1 moja kwa moja. Vidole vya swichi vinadunda kila vinapofunga, na pigo moja linaweza kuhesabiwa mara kadhaa.

Na bomba likikohoa? Unajua maji yanaporudi baada ya kukatika, hewa hutangulia. Gurudumu la sensa linazunguka kwa hewa pia, tena kwa kasi zaidi. Hakuna programu itakayotofautisha hewa na maji kwa uhakika kwa sensa hii. Fungua bomba, acha hewa itoke, ndipo bidoni ya kwanza ianze kuhesabiwa kwa kitufe. Upande wa pili, maji yakipita chini ya lita moja hivi kwa dakika gurudumu linaweza lisizunguke kabisa, na hayo yatapita bila malipo.

Ile 450 yenyewe usiimeze tu. Ni ya kijitabu, na sensa za bei ndogo hutofautiana. Chukua bidoni, ipime tupu kwenye mizani, ijaze kupitia sensa kwa kasi ile ile ambayo mama hutumia, ipime tena. Kilo moja ya maji ni lita moja. Gawanya mapigo uliyopata kwa lita za kweli, rudia mara kadhaa, na hiyo ndiyo namba yako. Mteja analipa kwa franka zake, na mama anajulikana mtaani kwa jina lake. Namba hiyo ina heshima ya watu ndani yake, kwa hiyo itafute kwa bidii.

Tumalize saa sasa.

millis() haina siri. Ni Timer0, rejista ya biti 8, inayopokea saa ya chipu ikigawanywa kwa 64. Kila pigo ni mikrosekunde 4, rejista inafurika kila baada ya mapigo 256, yaani mikrosekunde 1,024. Katizo linaongeza milisekunde moja na kuweka akiba ile ziada ya 24, na akiba ikifika milisekunde nzima inaiongeza kwa mkupuo. Ndiyo maana ukiichunguza kwa karibu utaona millis() ikiruka namba mara kwa mara. Kwa muda mrefu hesabu hiyo ni kamili, haipotezi kitu.

Kwa hiyo dakika zako tatu hazikupotea kwenye programu. Zimepotea kwenye chanzo cha mapigo. Uno nyingi hazitumii kristali ya kwatzi kwa ATmega328P. Zinatumia rezoneta ya kauri, kwa sababu ni ndogo na rahisi, na makosa yake yanaweza kufika nusu ya asilimia. Siku moja ina sekunde 86,400. Nusu ya asilimia ni sekunde 432, zaidi ya dakika saba. Wewe unapoteza sekunde 180, kama asilimia 0.21. Kadi yako iko ndani ya kiwango chake kabisa. Kristali ya kawaida, yenye makosa ya sehemu 50 kwa milioni, ingepoteza sekunde nne hivi kwa siku. Osileta ya ndani ya chipu, ambayo wanaojenga bila kristali wameizoea, inatoka kiwandani ikiwa na uwezekano wa kukosea hadi asilimia 10. Hiyo haifai saa hata kidogo.

Unaweza kurekebisha kwa programu: ongeza sekunde moja kila baada ya sekunde 480 na utakuwa karibu. Ila rezoneta hubadilika na joto, na rekebisho la msimu wa mvua halitakuwa la kiangazi. Ninakushauri utafute moduli ya saa ya DS3231 kwenye butike za Birere au umwagize mtu anayekwenda Kigali. Ina kristali na kipimajoto ndani yake, inajirekebisha yenyewe, na makosa yake ni sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzijoto 0 na 40, kama dakika moja kwa mwaka. Ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika haisahau saa. Na ina pini inayoweza kutoa pigo moja kila sekunde, ukiiruhusu kwanza kwa rejista zake na kuiwekea rezista ya kuvuta juu. Lete pigo hilo pini ya 2 kwa katizo. Hapo sekunde inakuingia kwa mlango ule ule ambao pigo la maji lingeingilia.

Kristali ndogo za saa za mkononi hupiga mara 32,768 kwa sekunde, na namba hiyo si ya bahati: ni 2 iliyojizidisha mara 15. Ukiigawanya kwa 128 unapata 256, na rejista ya biti 8 inafurika mara moja kwa sekunde, barabara, bila hesabu yoyote. Timer2 ya chipu hii ilitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Kwenye Uno huwezi kuitumia hivyo kwa sababu pini zake mbili zimekwisha kushikwa na rezoneta, lakini ukijenga kadi yako mwenyewe, iendeshe chipu kwa osileta ya ndani na uipe kristali pini hizo.

Kama ungependa sekunde kutoka Timer1 siku nyingine: gawanya kwa 256, unapata mapigo 62,500 kwa sekunde, na uandike 62,499 kwenye OCR1A, rejista ya kikomo. Sifuri nayo ni hatua. Anayeandika 62,500 anairefusha kila sekunde kwa mikrosekunde 16, na saa yake inachelewa zaidi ya sekunde moja kwa siku hata kristali ikiwa safi.

Na millis() nayo hufurika, baada ya siku 49 na saa 17 hivi. Kifaa cha mama hakitazimwa, kwa hiyo utakutana na siku hiyo. Usiandike kamwe «kama millis() imefika mwanzo jumlisha muda». Andika millis() - mwanzo >= muda, kutoa kwanza, kwa sababu ile ile ya bidoni ya nane. Si wanafunzi tu wanaolisahau hili. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, kwa sababu kihesabio kimoja katika programu ya kudhibiti majenereta kingefurika na majenereta yote yangeweza kuzima kwa pamoja.

Ukitaka kuonyesha pia kasi ya maji kwenye kioo, uchague njia kulingana na kasi yenyewe. Kwa lita 10 kwa dakika una mapigo 75 kwa sekunde, na kuhesabu kwa sekunde moja kunatosha, kosa la pigo moja ni kama asilimia 1. Kwa lita moja kwa dakika una mapigo saba na nusu tu, na pigo moja likikosekana umekosea asilimia 13. Hapo geuza mambo: pima muda kati ya pigo moja na jingine. Muda huo ni mikrosekunde 133,000 na zaidi, na micros() inausoma kwa hatua za mikrosekunde 4. Kinachopita haraka kihesabu ndani ya muda, kinachopita polepole uhesabu muda ndani yake. Timer1 haiwezi kufanya yote mawili kwa pamoja, maana ina chanzo kimoja tu cha mapigo, kwa hiyo upimaji wa muda upeleke pini ya 2 au ya 3, na sensa iunganishwe kote kuwili.

Ukihamia chipu nyingine, ESP32, kihesabio chake cha mapigo kina biti 16 lakini kinabeba alama ya hasi, kwa hiyo kinafika 32,767 tu. Kwa sensa yako hizo ni lita 72. Kina kichujio cha vipigo vifupi, kitumie. Mbinu ya kutoa inafanya kazi pale pia, ila jibu likitoka hasi uliongeze kikomo ulichoweka, si 65,536, kwa sababu kikifika kikomo chake kinarudi sifuri hapo hapo bila kuzunguka upande wa hasi.

Kabla ya kumwaga maji ya mama kwa majaribio, fanya hivi. Ondoa sensa. Unganisha waya mmoja kutoka pini ya 8 kwenda pini ya 5, na kwenye programu uandike tone(8, 250). Amri hiyo inatumia Timer2, haigusi Timer0 wala Timer1, na kwa 250 mgawanyo wa saa ya Uno unatoka sawasawa bila mabaki. Iache kwa dakika tano zinazohesabiwa na millis(), kisha uandike noTone(8). Rejista itafurika karibu na sekunde ya 262, na jumla yako inapaswa kuwa 75,000, ikizidi au kupungua kwa pigo moja au mawili. Ukipata 9,464, bado hujavuka mafuriko. Jaribio hili linapima hesabu peke yake. Saa halipimi, kwa sababu tone() na millis() zote zinakula kwenye rezoneta ile ile, zitakubaliana hata kama zote mbili zinachelewa. Saa uilinganishe na simu iliyounganishwa na mtandao, kwa siku mbili au tatu.